Kijana wa Mgogoni, Taa ya Kobe na Miaka 140 ya Gari za Umeme

Leo umbea wa mastaa tunauweka pembeni kidogo. Kuna stori imenikaa kichwani wiki nzima, na mhusika wake simtaji jina kwa sababu mwenyewe kaniomba, na ahadi ni ahadi. Tumwite tu kijana wa Mgogoni.

Mgogoni ninayosema ni ile ya Kaskazini Pemba. Kijana kakulia huko, kisha akaja Dar kutafuta maisha. Kajichanga miaka mitano, kauza simu, kauza makava ya simu, kalala chumba kimoja na wenzake watatu, mpaka mkwanja ukatosha gari moja. Mpango wake ulikuwa safi: arudi nyumbani, abebe abiria Wete na Chake Chake, na siku za boti ashuke hadi Mkoani kupokea wasafiri.

Sasa akaiona klipu moja mtandaoni. Gari ya umeme na gari ya petroli zimesimama kwenye taa. Taa inawaka kijani, ya umeme inaondoka, ya petroli inabaki kama imefungwa kamba. Hapo hapo kijana akafa, akaoza.

Akatafuta gari ya umeme ya mtumba kutoka Japan, betri ya kilowati-saa 24. Muuzaji mmoja akamtumia picha ya dashibodi na ujumbe wa sauti: "Kaka, angalia mwenyewe, chaji imejaa pomoni. Hii gari imesimama. Ukichelewa usinilaumu."

Kijana akausukuma ule ujumbe Mgogoni, kwa ami yake, mzee ambaye hajawahi kumiliki hata pikipiki. Mzee akausikiliza mara mbili, kisha akampigia.

"Kibaba kikijaa kimejaa, na pishi ikijaa imejaa. Hiyo yako imejaa kibaba au imejaa pishi?"

Kijana akacheka. Mimi nilipohadithiwa sikucheka, kwa sababu swali hilo moja limebeba historia nzima ya gari za umeme. Twende nalo polepole.

REDIO JUANI, PEMBENI YA KARAFUU

Kumwelewa mzee inabidi turudi nyuma. Kabla ya 2010, Pemba haikuwa na umeme wa gridi ya bara. Kisiwa kilitegemea jenereta za dizeli za Wesha, karibu na Chake Chake, na vijijini giza lilikuwa giza kweli. Redio ya ami ilikula betri nne kubwa, na jioni nyumba nzima ilikusanyika kuisikiliza Sauti ya Tanzania Zanzibar.

Betri zikianza kuchoka, redio haikuzimika ghafla. Sauti ndo ilianza kunywea. Taarabu inaanza vizuri, ikifika katikati mwimbaji anasikika kama kaingia ndani ya mtungi. Asubuhi yake mzee anazitoa betri, anazianika pembeni ya jamvi la karafuu. Jua likizipiga, jioni zinapata uhai mwingine wa nusu saa hivi, zinatosha kusikiliza taarifa ya habari.

Ile ilikuwa fizikia ya bure. Betri mpya ya redio inatoa volti 1.5, kwa hiyo nne zinatoa 6. Kadiri unavyozitumia, mambo mawili yanatokea kwa pamoja: volti zinashuka, na umeme unaanza kupita kwa taabu ndani ya betri yenyewe. Hiyo taabu mafundi wanaiita ukinzani. Joto la jua linapunguza ukinzani kidogo, ndo maana redio ilifufuka kwa muda.

Kwa hiyo mzee alijua tangu zamani jambo ambalo vijana wengi wa mjini hatulijui: betri si ndoo. Ndoo ikibaki maji nusu, kikombe utakachochota bado ni kikombe. Betri ikibaki nusu, hata namna inavyokupa kile kilichobaki inabadilika. Mfano wake wa karibu ni tangi la maji juu ya paa. Likiwa limejaa, bomba linafoka. Likibaki robo, unaoga kwa subira.

PARIS, LONDON NA BEIT AL-AJAIB

Watu wengi wanadhani gari za umeme ni kitu cha juzi. Wapi! Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya risasi na tindikali, babu wa hizi tunazofunga kwenye magari na kwenye sola za nyumbani. Mwaka 1881 Mfaransa mwingine, Gustave Trouvé, akafunga mota na betri kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, akaiendesha Paris. Miaka miwili baadaye, 1883, Unguja ikajengwa Beit al-Ajaib, jumba la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme. Kwa hiyo umeme wa barabarani na umeme wetu wa pwani ni watoto wa rika moja.

Mwaka 1897 London ilikuwa na teksi za umeme. New York nayo mwaka huo huo. Na mwaka 1899, Mbelgiji Camille Jenatzy akapanda chombo chenye umbo la risasi ya bunduki, akavuka kilomita 100 kwa saa. Gari ya kwanza duniani kuvuka spidi hiyo ilikuwa ya umeme. Petroli ilikuwa nyuma.

Lakini angalia ujanja wake. Mbio zile zilipimwa kwa kilomita moja tu. Betri mbichi, chaji juu, unafyatuka, basi. Ni klipu ile ile ya kwenye taa, ila ya mwaka 1899.

Dereva wa teksi hakuwa na raha hiyo. Betri za risasi zina tabia moja: ukizidai umeme mwingi kwa haraka, zinakupa kidogo kuliko ukizidai taratibu. Mjerumani aitwaye Peukert aliliandika jambo hilo mwaka 1897, na mpaka leo kanuni ile ina jina lake. Dereva mwenye haraka alijimalizia chaji mapema. Na chaji ikishuka, gari inapungua spidi, mlima mdogo unakuwa mlima mkubwa. Ndo maana magari ya umeme ya zama zile yalifungwa vipimo vya volti mbele ya dereva. Alikuwa anasoma pumzi ya farasi wake.

Wenye teksi za New York wakapata jibu la kibabe: betri ikichoka, usisubiri. Gari inaingia kituoni, betri nzima inatolewa, inawekwa nyingine iliyojaa, gari inatoka. Kaa na hilo, tutalirudia.

KWA NINI PETROLI IKAMEZA DUNIA

Lita ya mwisho ya petroli ina nguvu ile ile ya lita ya kwanza. Hilo tu. Gari ikibaki na mafuta ya shilingi elfu mbili, bado inapanda mlima kama ilivyopanda jana tangi likiwa limejaa. Itakufa, ndiyo, lakini mpaka sekunde ya mwisho itakufa ikiwa na nguvu zake.

Ongeza na bei. Ford walileta Model T mwaka 1908 na gari ikaanza kushuka mpaka kwa mtu wa kawaida. Kisha 1912 Cadillac wakaweka stata ya umeme, ukaisha ule mtindo wa kuwasha injini kwa kuzungusha mpini mpaka mkono unateguka. Kichekesho ni kwamba stata ile iliendeshwa na betri ya risasi. Yaani betri ndo iliyomsaidia adui kumzika ndugu yake.

KOBE ANAINGIA KWENYE DASHIBODI

Umeme ulirudi kwa mlango wa simu na kamera. Mwaka 1991 Sony wakaanza kuuza betri za lithiamu, na wanasayansi watatu waliofungua njia hiyo, Goodenough, Whittingham na Yoshino, wakapewa Nobeli ya kemia mwaka 2019. Mwishoni mwa 2010 Nissan wakaanza kuuza Leaf, gari ya umeme ya familia ya kawaida, na leo mitumba yake imesambaa mpaka huku kwetu.

Betri ya lithiamu ni bora mara nyingi kuliko ya risasi, lakini kanuni ya redio ya ami haikufutika. Chukua hesabu ya Leaf ile ya mwanzo. Ndani kuna seli zilizopangwa 96 kwa mstari. Kila moja ikijaa ina volti 4 na kidogo, kwa hiyo pamoja ni karibu volti 390. Zikikaribia kuisha, kila moja inashuka kwenye 3.3 hivi, jumla inakuwa karibu 320. Nguvu ya mota ni volti mara mkondo wa umeme. Volti zikishuka, ili upate nguvu ile ile lazima uvute mkondo mkubwa zaidi, na mkondo mkubwa kwenye betri iliyochoka unaleta joto na kuziangusha volti zaidi. Kompyuta ya gari inaliona hilo na inakata: hutopewa nguvu yote hata ukikanyaga mpaka chini.

Na hapo ndo taa ya kobe inapowaka. Sio utani wangu. Kwenye Leaf kuna alama ya kobe kabisa, inayokwambia gari imebanwa nguvu ili betri isiumie. Sisi wa Zanzibar kobe tunamjua, wa Changuu wana umri kuliko babu zetu. Wana heshima zao, lakini hakuna aliyewahi kumtuma kobe kuwahi boti.

Sasa msidhani kwamba kujaza pomoni ndo kila kitu. Juu nako kuna mambo yake matatu.

La kwanza, breki. Gari ya umeme ukiachia mafuta, samahani, ukiachia pedali, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Kwenye mteremko ni raha tupu. Lakini betri ikiwa imejaa, umeme ule unaupeleka wapi? Hakuna nafasi. Gari inapunguza au inazima huo urejeshaji, na dereva anashangaa mbona leo haishiki kama jana. Pemba si tambarare, ni vilima na mabonde. Ukitoka nyumbani umejaza mpaka juu na mbele yako ni mteremko, unaachia umeme wa bure na unazila breki za kawaida.

La pili, muda. Chaji ya haraka ni kama kupakia daladala. Abiria wa kwanza wanaingia chap, kila mtu na kiti chake. Wa mwisho wanasukumwa, wanabanwa, mmoja anaingia huku mguu uko nje. Ndo maana kuanzia asilimia 80 kwenda juu kasi inaanguka.

La tatu, joto. Betri ya lithiamu iliyojaa na kuachwa kwenye joto siku nzima inazeeka haraka kuliko iliyo nusu. Leaf za mwanzo hazikuwa na mfumo wa kupoza betri kwa maji, na wamiliki wa Arizona, jangwani Marekani, walianza kulalamika mapema, 2012, kwamba betri zao zinasinyaa. Pwani yetu si jangwa, lakini baridi hatuna.

HUKU KWETU

Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, walitoa Kiira EV, gari ndogo ya umeme ya watu wawili, iliyoelezwa kuwa inaweza kwenda kama kilomita 80 kwa chaji moja. Mwaka 2016 wakafuata na basi la Kayoola, lenye paneli za sola juu ya paa. Nairobi, 2018, ikaja teksi ya NopeaRide ikitumia Leaf za mtumba. Ilidumu mpaka 2022 ikafunga.

Mwaka huo huo wa 2022, Nairobi hiyo hiyo, BasiGo wakaleta mabasi ya umeme na utaratibu wa ajabu kidogo: basi unanunua, lakini betri hununui. Unailipia kwa kila kilomita. Kigali nako Ampersand, tangu 2019, mwendesha pikipiki hachaji. Anafika kituoni, anaacha betri iliyochoka, anachukua iliyojaa, anaondoka.

Umeliona? Ni New York ya 1897 imezaliwa upya Kigali. Wote hawa wamegundua kitu kimoja: hatari kubwa ya gari ya umeme iko kwenye betri, kwamba leo imejaa kiasi gani, na kesho "kujaa" kwake kutakuwa kiasi gani. Kampuni zikaamua hatari hiyo wabebe wao, dereva abebe abiria.

Kijana wetu alikuwa anataka kuibeba peke yake, kwa akiba ya miaka mitano.

KISIWA NACHO KINA CHAJI YAKE

Kuna jambo jingine. Gari inachajiwa na nini? Mwaka 2010, kwa msaada wa Norway, waya wa chini ya bahari wa zaidi ya kilomita 70 uliiunganisha Pemba na gridi ya bara upande wa Tanga. Yalikuwa mapinduzi. Mafriji yakaja, mafundi wa kuchomelea wakaja, redio ya ami ikachomekwa ukutani.

Lakini Mzanzibari yeyote anajua waya wa baharini una siku zake. Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena karibu miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, kwa hitilafu kwenye umeme unaotoka bara. Simsemi mtu vibaya, nakumbusha tu. Gari yenye betri ya kilowati-saa 24, ukiichomeka kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani, inataka zaidi ya saa 10 kujaa kutoka sifuri. Umeme ukikatika saa nne za usiku, alfajiri unaamka na kobe.

KIBABA AU PISHI?

Turudi kwa kijana. Swali la ami lilimkera, kisha likamnyima usingizi. Akamwandikia muuzaji: nitumie picha ya dashibodi nzima, usiikate pembeni.

Picha ikaja baada ya siku mbili. Vijiti vikubwa vya chaji vilikuwa vyote 12, kweli imejaa. Lakini pembeni yake kuna safu ya vijiti vyembamba, ambavyo ile picha ya kwanza ilivikata. Hivyo havisemi chaji. Vinasema uwezo uliobaki wa betri yenyewe tangu izaliwe. Gari mpya ina 12. Hii ilikuwa na 8.

Hesabu yake hii hapa. Kijiti cha kwanza kinaanguka betri ikishapoteza asilimia 15, na kila kinachofuata ni kama asilimia 6 na robo. Vinne vikiondoka, imebaki kama theluthi mbili. Leaf ile ya mwanzo, ikiwa mpya, karatasi za Japan ziliipa kilomita 200 kwa chaji moja. Wamarekani walipoipima kwa vipimo vyao vikali zaidi wakapata kama 117. Theluthi mbili ya 117 ni 78. Wete mpaka Mkoani ni kama kilomita 60, na hapo una abiria wanne, mabegi yao, kiyoyozi na vilima. Anafika Mkoani, sawa, lakini anafika na kobe. Kurudi ndo hadithi nyingine.

Imejaa, ndiyo. Imejaa kibaba.

Muuzaji hakudanganya hata neno moja, ujue. Alisema chaji imejaa, na ilikuwa imejaa.

Kijana hajanunua. Hajaacha pia. Sasa hivi anatafuta yenye vijiti visivyopungua 11, na kabadili mpango: Wete na Chake Chake tu, kama kilomita 30, anachaji mchana akipumzika, anajizuia kati ya asilimia 20 na 80. Mkoani kawaachia wenye petroli. Ananiambia faida itakuwa ndogo kuliko alivyoota, ila usiku atalala.

Nikamuuliza ami anasemaje. Akasema mzee kajibu kwa ufupi tu: "Ikija, usiiweke juani. Zile za redio tulizianika kwa sababu zilikuwa zinakufa."

Haya wadau, nyie mnaoendesha za umeme, iwe gari, bajaji au pikipiki: chaji ikishuka chombo chako kinakufanyia nini? Na wa Pemba, kuna aliyekwishapanda na hiyo gari vilima vya kwetu? Tiririka hapo chini, jina si lazima.